Kikombe cha Mahindi na Mvua za Masika

Fundi mmoja wa Unga Limited, hapa Arusha, alinipa sahani aliyoitengeneza kwa plastiki iliyosagwa. Niliibonyeza kidogo tu, ikavunjika kama biskuti. Malighafi yake ilikuwa vikombe vya vinywaji baridi kutoka hoteli moja ya watalii, vimeandikwa kwamba vimetokana na mimea. Alivisaga, akaviosha, akaviyeyusha siku ya mvua.

"Mdogo wangu, nimekosea wapi?"

Hakukosea peke yake. Vikombe vile ni PLA, plastiki inayotokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Ndani yake ni kama shanga walizotunga kina mama wa Kimasai: uzi ukiwa mrefu, nyuzi husukana na kushikana. PLA ikifikia joto la nyuzi 170 za Selsiasi na zaidi huku ina unyevu, maji huukata uzi ule vipande vipande. Kinachobaki ni kigumu, lakini hakihimili pigo. Ndiyo maana chenga zake hukaushwa kwa saa kadhaa katika hewa kavu ya moto kabla ya kuyeyushwa, na kuzianika uani mwezi wa Aprili hakutoshi kabisa. Hata zikikaushwa vizuri, joto lenyewe hupunguza urefu wa uzi kila zinaporudi mashinani, hivyo huchanganywa na plastiki mpya.

Halafu kuna shida ya kuzitambua. Beseni la maji, ambalo mafundi wengi hulitegemea kutenga plastiki zinazoelea na zinazozama, halisaidii: PLA huzama, na chupa za maji za PET nazo huzama. PLA kidogo tu ikiingia kwenye PET, plastiki hupata ukungu, maana hizi mbili hazichanganyiki vizuri; tena PET huyeyuka karibu nyuzi 250, joto linaloiharibu PLA.

Lakini ipo polithini ya miwa, inayotengenezwa Brazili kwa wingi tangu 2010, na hiyo haina tofauti na polithini ya mafuta ghafi. Unaisaga pamoja na ndoo kuukuu za polithini bila wasiwasi. Kwa hiyo maneno "imetokana na mimea" hayamwambii fundi chochote cha kumsaidia.

Naona ni dhuluma kumwachia yeye hasara hii. Hoteli na kampuni za utalii zinajua zimenunua nini. Zitenge vikombe hivyo jikoni kwao, kwenye gunia lenye jina la plastiki, kabla mkokoteni haujafika. Gunia la yule fundi bado liko pembeni ya karakana, na tanuri la kukaushia hana.