Jamani, Toboeni Vyungu

Nimejizuia siku nne nisiandike haya, maana ningeandika Jumamosi ileile ningetukana mtu, na wauza maua wengi ni watu wangu, nimejifunza mengi kwao na sitaki kuwatukana. Lakini hasira bado ninayo. Monstera ya shangazi yangu, lile ua la majani makubwa yenye matundu, imekufa na kilichoiua ni chungu.

Shangazi anakaa Tabata, alikuwa nesi, kastaafu mwaka 2016. Siku ya kumuaga wenzake walimpa kitenge na seti ya vyombo, yeye mwenyewe akaomba kitu kimoja tu, kipande cha ile monstera iliyokuwa kwenye korido ya wodi. Kipande chenyewe kilikuwa na majani mawili, akakifunga kwenye kanga iliyolowa akapanda nacho daladala. Miaka yote hiyo kimekaa barazani kwake kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, ile nyeupe, maandishi yote yameshafutwa na jua. Marehemu mumewe ndiye aliyeitoboa chini kwa msumari wa moto. Na ua likakua jamani, likafika kwenye dari ya baraza, jani moja lilikuwa linazidi sinia la pilau, watoto wa jirani wakija wanachunguliana kwenye matundu ya majani.

Idi iliyopita wanawe wakachanga wakamnunulia chungu. Ni kizuri, sitasema uongo, cha kung'aa, bluu ya bahari, mdomo wake sentimita 55, tumbo kubwa, mtu mmoja hakinyanyui, ila chini hakina tundu. Walifanya kwa mapenzi na siwalaumu hata kidogo. Muuzaji akakileta kwa kirikuu, kijana wake akahamisha ua palepale, akashindilia udongo mweusi na samadi mpaka juu, akamwagilia ndoo mbili, akalipwa akaondoka. Shangazi aliuliza swali moja, tena swali zuri kabisa, maji yatatokea wapi? Akajibiwa, "Mama usijali, chini tumeweka kokoto, maji yatakaa huko."

Hayo maneno ndiyo yanayonichoma. Kwa sababu hayajasemwa na huyo kijana peke yake, nimeyasikia Mikocheni, nimeyasikia Kinondoni, nimeyasikia kwa watu waliosoma na wasiosoma, na kila mtu anayatoa kwa uhakika kabisa kama vile ameshaingia ndani ya chungu akaona. Kokoto hazisaidii. Naomba nieleweshe hili taratibu maana likieleweka hili moja tu, mengine yote nitanyamaza.

Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ile nene ya mstatili. Iloweshe mpaka ishibe halafu ishike imelala. Itadondosha kidogo itaacha, lakini ukiibonyeza unakuta bado imejaa maji. Sasa ilaze juu ya kokoto. Hakuna kinachoshuka! Maji yaliyoko kwenye vitundu vidogo vya sponji hayahami kwenda kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka sponji yenyewe izidiwe. (Ukitaka kuona jambo jingine, iinue isimame wima, itadondosha tena, ndiyo maana chungu kirefu kinakausha udongo wa juu vizuri kuliko kifupi kipana.) Udongo ni hivyohivyo. Ule wa chini unaogusa kokoto unabaki chapachapa, na kokoto zenyewe zimekula nafasi, kwa hiyo ule unyevu umeupandisha juu, umeusogeza kwenye mizizi badala ya kuuondoa. Na hapo nazungumzia chungu chenye tundu. Kisicho na tundu, kokoto zikishajaa, maji ya kesho yanakwenda wapi? Yanapanda tu, hayana njia nyingine.

Mizizi inapumua. Inavuta hewa iliyoko kwenye nafasi za udongo, maji yakizijaza nafasi zote yakakaa humo siku nyingi mizizi inakabwa, inakufa, halafu vimelea vya kuozesha vinakuja kumalizia kazi. Monstera asili yake ni misitu ya kusini mwa Mexico kushuka mpaka Panama, huko inapanda juu ya miti, inashika gome kwa mizizi yake ya hewa, na mizizi mingine inashuka kwenye majani yaliyooza chini. Mvua huko inanyesha sana, ndiyo, lakini inapita. Haituami kwenye beseni la bluu.

Wiki ya kwanza shangazi alinitumia sauti kwenye WhatsApp, "Mwanangu, ua langu linalia asubuhi, naona machozi kwenye ncha za majani." Nikamwambia shikamoo shangazi, usiogope, hiyo ni kawaida, monstera hutoa matone alfajiri udongo ukiwa na maji mengi. Na ni kweli, hutoa. Ila sikuuliza ni kwa nini udongo ulikuwa na maji mengi, na hilo linaniuma mpaka sasa ninavyoandika. Baadaye majani ya chini yakaanza kuwa njano, kisha yote yakalegea, na hapa ndipo watu wengi wanapoliua ua kwa mikono yao bila kujua, maana jani lililolegea linafanana na jani lenye kiu. Mizizi ikishaoza haiwezi kunyonya, ua linakufa kiu huku limesimama kwenye maji, na mwenye ua kwa huruma anaongeza maji. Shangazi aliongeza kila jioni.

Jumamosi nikaenda na binamu zangu wawili tukalilaza lile dude tukalivuta ua. Harufu iliyotoka ni ya mtaro. Udongo wa chini ulikuwa mweusi ti, unang'aa, unateleza, na ukiukamata unatoa maji kati ya vidole. Mzizi wa monstera ukiwa mzima ni mnene, mweupe au rangi ya maziwa, mgumu ukiubonyeza. Huu nilipoushika gamba lake la nje lilichomoka lote kama soksi iliyolowa nikabaki na kiuzi chembamba mkononi. Nikajaribu mwingine, hivyohivyo. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka anatuangalia, hakusema kitu, akainuka akaenda kuchota maji ya kunawa. Nilipata vipande vitatu tu vya shina vyenye kifundo, pale jani linapochipukia, na mzizi wa hewa ambao ncha yake bado ilikuwa nyeupe. Vingine vyote vilikuwa laini.

Sasa kuhusu ukubwa, maana hata kingekuwa na tundu kile chungu kilikuwa kikubwa mno. Ndoo ya lita 20 mdomo wake ni kama sentimita 30. Ukihama, ongeza sentimita 5 hivi, basi, baada ya miaka miwili utaongeza tena. Udongo ambao haujafikiwa na mizizi hauna wa kuunyonya, unakaa na maji yake wiki nzima. Najua watu wanasema wanaweka kikubwa kabisa ili wasihangaike kubadilisha tena, ila ua halivai nguo ya kukulia.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba wapo watu wana maua kwenye vyungu visivyo na tundu na yanaishi miaka. Jirani yangu mmoja analo. Lakini yeye anapima kikombe kimoja, anaingiza kidole mpaka kifundo cha pili kwanza, na hajasafiri akamwachia msichana wa kazi hata siku moja. Na nakubali pia kwamba ua kubwa kwenye ndoo nyepesi linaangushwa na upepo, chungu kizito kinasaidia. Basi kiwe kizito na kiwe na tundu, hakuna anayekataza.

Kutoboa si kazi. Cha saruji drili ya kawaida ya ukutani inatosha. Cha kung'aa mwite fundi vigae, ana biti yake, asitumie ule mpigo wa kugonga wa drili, apige taratibu huku unamwagia maji kidogo kidogo pale anapotoboa, kipasuke kwa nini? Muuzaji anaweza kufanya hivyo kabla hajauza, na mimi ningelipa zaidi bila kulalamika. Kama hutaki kabisa kukiharibu, kifanye vazi: ua libaki kwenye ndoo yake yenye matundu, ndani weka matofali mawili, ndoo isimame juu yake, na maji yakituama umwage. Umwage kweli, tumeshapata dengue Dar mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda sana visahani vya maua.

Udongo: hapa watu wa pwani hatuna kisingizio kabisa. Makumbi ya nazi yapo, yanatupwa. Yakatekate, loweka, suuza mara mbili tatu chumvi itoke, changanya na mboji iliyoiva, vipande vya mkaa na udongo wa bustani kidogo tu. Samadi mbichi usiweke, inaunguza. Na vaa glavu ukikata, utomvu wa monstera unawasha, watoto wakae mbali.

Halafu kuna lile ua la ZZ (Zamioculcas), la majani mazito yanayong'aa, ambalo siku hizi lipo kila mapokezi ya ofisi. Watu wanadhani limetoka Ulaya kwa sababu Waholanzi ndio walioanza kulizalisha kwa wingi kwa biashara kwenye miaka ya 1990. Ni la huku kwetu! Linaota lenyewe porini kuanzia Kenya, Tanzania, Zanzibar mpaka Afrika Kusini, limeumbwa na viazi vyake chini ya udongo vya kutunzia maji ili livuke kiangazi. Ua linaloweza kukaa mwezi bila tone, nimelikuta kwenye ofisi moja mjini limeoza kwenye chungu cha kauri kisicho na tundu, karani anasema "tunalimwagilia kila siku lakini halina bahati". Niliondoka nimenyamaza, nikakasirika njia nzima.

Kwa hiyo ombi langu kwa mnunuzi ni dogo. Kabla hujatoa hela, kipindue chungu. Kikiwa hakina tundu, mwambie muuzaji akitoboe mbele yako, akikataa nenda kwa wa pili, barabara hiyohiyo wapo kumi. Na ewe muuzaji, mama akikuuliza maji yatatokea wapi, mpe tundu, kokoto si jibu.

Jioni ile nilimuuliza shangazi vile vipande vitatu tuvipande kwenye nini. Akaingia uani akatoka na ile ndoo ya rangi, ameiosha, hakuwa ameitupa. Nikaiinua juani, matundu kumi na mawili, yote wazi. Tumeirudisha palepale barazani.