Gemu mbili za studio moja, na sababu ya mimi kubaki kwenye kompyuta

Watu wakiniomba ushauri kama wanunue kompyuta ya gemu au konsoli (mashine ya gemu kama PlayStation), karibu wote huanza na swali moja: ipi ina nguvu zaidi? Nimeacha kulijibu. Zamani lilikuwa na maana. PlayStation 3 ilikuwa mashine ya aina yake, na prosesa yake ya Cell iliwatoa jasho watengenezaji wa gemu kwa miaka. Lakini tangu PlayStation 4 na Xbox One zitoke mwaka 2013, konsoli za Sony na Microsoft zinatumia prosesa za kampuni ya AMD za ukoo uleule unaotumika kwenye kompyuta. Fungua PlayStation 5 au Xbox Series X, zote za Novemba 2020, utakuta prosesa ya AMD ya kizazi cha Zen 2 yenye vitengo 8 vya kazi, kadi ya michoro (sehemu inayochora picha) ya kizazi cha RDNA 2 na GB 16 za kumbukumbu. Hiyo ni kompyuta iliyofungwa vizuri na kupewa kazi moja.

Kinachozitofautisha siku hizi ni nani anayeshika ufunguo. Nitaeleza kwa gemu mbili za studio moja, FromSoftware ya Japani, kwa kuwa ndizo zilizonifanya nichague upande.

Dark Souls ilifika kwenye kompyuta Agosti 2012, ikiwa hoi. Gemu ilichora picha ya pikseli 1024 kwa 720, kisha ikaivuta hadi ijaze skrini, kwa hiyo hata aliyekuwa na kadi kali na skrini kubwa aliona ukungu uleule. Kasi ilikomea fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde. Kipanya kilikuwa hakishikiki. Nisingekuwa nimeshailipia, ningeifuta usiku uleule. Ila haikuchukua hata siku, mchezaji mmoja anayejulikana kwa jina la Durante akatoa programu ndogo iitwayo DSfix. Unanakili mafaili machache kwenye folda ya gemu, unabadilisha namba kadhaa, na ghafla kuta za ngome zina mipasuko, mawe yana ukoko wa mvua, adui wa mbali ana uso. Baadaye ikafungua na fremu 60. Studio ilituuzia gemu yenye kidonda, na mtu ambaye hakuajiriwa na yeyote akaiuguza, kwa sababu mashine ilimruhusu kuingia ndani.

Bloodborne ilitoka Machi 2015, kwenye PlayStation 4 peke yake. Kwangu mimi ndiyo gemu bora waliyowahi kutengeneza: ule mji wa giza, kengele zinazolia mbali, silaha zinazojikunjua mkononi katikati ya pigo. Nayo ina kidonda. Kasi yake ni fremu 30, na hizo 30 zenyewe haziji kwa mwachano ulio sawa, kwa hiyo jicho linahisi kama picha inajikwaa. Kwenye fremu 30 kila picha inakaa machoni kama milisekunde 33. Kwenye 60 inakaa kama 17. Ukiwa unasoma kitabu tofauti hiyo ni vumbi. Ukiwa unamkwepa mnyama mwenye makucha ambaye pigo lake la pili linakumaliza, ndiyo tofauti ya kumwona na kutomwona. Leo ukiiweka Bloodborne kwenye PlayStation 5, mashine yenye nguvu mara kadhaa ya ile ya kwanza, bado inatembea kwa fremu 30. Nguvu ipo, imekaa tu. Mwenye ufunguo hajafungua, na wewe uliyelipia mashine na ukalipia gemu huna pa kugusa.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu.

Nisiipambe kompyuta kupita kiasi, maana studio hiyohiyo ilinionyesha na upande wa pili. Elden Ring ilipotoka Februari 2022, wa kompyuta ndio tuliotaabika. Unakimbia na farasi kwenye uwanda, mara picha inaganda nusu sekunde, inaachia, inaganda tena. Gemu nyingi za kompyuta zina ugonjwa huo, na sehemu kubwa ya chanzo inaeleweka. Kila mwanga na kila kivuli kwenye gemu huchorwa na vijiprogramu viitwavyo sheda, na sheda lazima zitafsiriwe kwa lugha ya kadi yako ya michoro. Kwenye konsoli kadi inajulikana, ni ileile kwa mamilioni ya watu, basi studio inatafsiri mapema kiwandani na kukuletea zikiwa tayari. Kwenye kompyuta kuna kadi chungu nzima, kila moja na draiva (programu inayoiendesha) za matoleo yake, kwa hiyo tafsiri inafanyika kwako, mara nyingine katikati ya vita. Wenye PlayStation 5 waligundua njia yao: waliweka toleo la PlayStation 4 la gemu hiyohiyo na kupata fremu 60 zilizotulia. Sisi tulikuwa na kadi ghali na mikwamo. Na aliyefanya vizuri kuliko wengi wetu alikuwa mwenye Steam Deck, kimashine cha mkononi kilichoanza kuuzwa mwezi uleule, kwa kuwa wahandisi wa Valve, kampuni iliyokitengeneza, waliweza kupunguza tatizo kupitia programu yao ya Proton, inayoendesha gemu za Windows juu ya Linux, mfumo mwingine ulio huria. Hata hapo, dawa ilipatikana mahali ambapo mlango ulikuwa wazi.

Lakini lazima niseme habari za mdogo wangu. Anafanya kazi kwa zamu, anarudi amechoka, na ana konsoli. Anabonyeza kitufe kwenye pedi, skrini inawaka, gemu iko palepale alipoiacha juzi, mguu wa mhusika ukiwa hewani. Anacheza dakika 40, anazima, analala. Mwaka jana alimaliza gemu nyingi kuliko mimi. Mimi katika mwaka huohuo nilipoteza Jumapili nzima kwa draiva mpya iliyokuwa ikizima skrini kila nikifungua gemu. Niliifuta, nikarudisha ya zamani, nikasoma maelezo ya watu wenye tatizo kama langu, na ilipopona ilikuwa usiku na hamu ya kucheza imeniisha. Mtu mwenye saa moja kwa siku, ambaye hapendi kabisa kujua kilicho ndani ya boksi, namwambia bila kusita anunue konsoli. Utulivu ule una thamani, na watu wa kompyuta tunakosea tunapoudharau kana kwamba ni uvivu.

Kingine ambacho konsoli inajua kufanya ni kukalisha watu pamoja. Pedi mbili, kochi moja, gemu ya mpira, kelele. Kompyuta inaweza kuunganishwa na televisheni, ndiyo, lakini iliumbwa kwa mtu mmoja na kiti kimoja. Na kwa miaka watengenezaji wa gemu za mpira walitutendea sisi wa kompyuta kama watoto wa kambo: FIFA 22 ilikuja kwetu bila teknolojia mpya ya miondoko waliyopewa wenye PlayStation 5 na Xbox Series X, tukasubiri hadi FIFA 23.

Suala la gharama nitalipita haraka, kwa sababu hesabu yake inategemea mtu. Konsoli ni nafuu mlangoni, kwani mtengenezaji hategemei sana faida ya boksi. Anaipata kwa kukata sehemu ya kila gemu inayouzwa dukani kwake. Halafu kuna ada ya kucheza mtandaoni. Tangu enzi za PlayStation 4 gemu nyingi za kulipia zinadai usajili ndipo ucheze na wenzako, wakati kwenye kompyuta ukishalipia intaneti yako kwa kawaida hakuna anayekudai tena. Kompyuta inauma siku ya kuinunua, kisha inafanya na kazi nyingine za maisha. Wachakachuaji, wanaotumia programu za udanganyifu ili washinde, nao wako wengi zaidi kwenye kompyuta, hilo ni kweli, na dawa yake haipendezi: gemu ya Valorant ya 2020 inataka programu yake ya ulinzi ikae kwenye kiini cha Windows tangu mashine inapowaka. Mimi nimekataa kuiweka. Siachi wazi mlango wa ndani kabisa wa mashine yangu kwa ajili ya gemu moja.

Ninachotaka kukisisitiza ni umri. Duka la mtandaoni la Wii U na 3DS, mashine za Nintendo, lilifungwa kwa manunuzi Machi 2023. La Xbox 360 likafuata Julai 2024. Kuna gemu ziliuzwa kwa njia hiyo tu, bila diski, na kwa mtu anayezitaka leo kihalali hakuna pa kuzinunua. Kwenye kompyuta hakuna siku ambayo kizazi kinazikwa. Half-Life 2 ya 2004 inafunguka kwenye mashine niliyoinunua majuzi, tena kwa ukali wa picha ambao skrini za wakati ule hazikuuweza. Usalama huo nao si kamili: Steam, duka la gemu la Valve, inakuuzia leseni tu, na tangu 2024 inakuandikia hivyo wazi unapolipa. Ndiyo maana gemu ninazozipenda sana nazinunua kwenye duka la GOG, ninashusha faili lenyewe la kusakinishia, ninaliweka kwenye diski yangu. Duka likifungwa kesho, faili ninalo.

Na fikiria gemu zilizozaliwa kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Counter-Strike ilianza 1999 kama modi ya Half-Life, yaani gemu iliyojengwa juu ya nyingine, iliyotengenezwa na mashabiki. Dota ilianza kama ramani ndani ya gemu ya Warcraft III. Gemu mbili zinazojaza kumbi za mashindano hadi leo, na zote zilianza na vijana waliofungua mafaili ya watu wengine kuona yanafanyaje kazi. Sioni zingezaliwa vipi kwenye mashine isiyokuruhusu hata kuliona faili.

PlayStation 4 yangu sijaiuza. Iko chini ya skrini, karibu na kompyuta, na diski ya Bloodborne haijatoka ndani yake. Wapo walioanza kuiendesha gemu hiyo kwenye kompyuta kwa emuleta, programu inayoigiza konsoli, na inapanda fremu 60, lakini ni kazi ya mashabiki na ina matatizo yake. Toleo rasmi halijaja. Mara chache kwa mwaka mimi huiwasha, feni inaanza kuvuma, ninangoja taa za mji ziwake, na ninacheza kwa fremu 30.