Ndugu Horten: sifa ya rada si yao, ya bawa ni yao

Ikitajwa B-2, ndege ya kivita ya Marekani yenye umbo la bawa tupu na isiyoonekana kirahisi kwa rada, hakosekani wa kusema Wajerumani walikuwa nayo tangu 1945. Anakusudia Horten Ho 229, ndege isiyo na mkia wala kiwiliwili, bawa tupu, iliyobuniwa na Walter na Reimar Horten. Nadhani ndugu hawa wanasifiwa kwa jambo lisilo lao, na lililo lao halitajwi.

Miaka ya 1980 Reimar, aliyekuwa amehamia Argentina, alidai alikusudia kuchanganya unga wa mkaa na gundi ya plaiwudi ili bawa limeze mawimbi ya rada. Wataalamu wa makumbusho ya Smithsonian ya Marekani wanaoitunza ndege ya tatu, V3, waliichunguza gundi hiyo wasiuone mkaa. Na hata ungekuwapo, rada za Chain Home za Uingereza zilitumia mawimbi ya mita 10 hadi 15. Tabaka jembamba la gundi lingeyafanya nini? Chini ya plaiwudi kuna fremu ya mabomba ya chuma, na midomo ya injini mbili za jeti za Jumo 004 imeelekea mbele; vyote hivyo hurudisha mawimbi ya rada. Mfano wa Ho 229 wa ukubwa kamili uliopimwa na kampuni ya ndege ya Northrop Grumman ulipunguza umbali wa kugunduliwa kwa takriban asilimia 20 tu kulinganisha na Bf 109, ndege ya kawaida ya kivita ya Ujerumani. Si haba, lakini si kutoonekana. Tena Mmarekani Jack Northrop alisharusha ndege yake ya bawa tupu, N-1M, mwaka 1940.

Ho 229 ya pili, V2, ya kwanza kuwa na injini, iliruka 2 Februari 1945. Tarehe 18 injini moja ilizimika, ndege ikaanguka na kumuua rubani Erwin Ziller. Siku 16 hazithibitishi ndege ya vita.

Urithi wao hasa umo katika msokoto wa bawa. Kwa kawaida, ukilaza ndege kulia, kibao cha kulazia ndege kilicho ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto hushuka, bawa hilo huburutwa na hewa, na pua huvutwa kushoto. Ndiyo maana mkia wa wima unahitajika. Reimar aliyasokota mabawa, ncha zikielekea chini kidogo, nguvu ya kuinua ikapungua taratibu kuelekea nchani kama umbo la kengele. Hapo kibao kikishuka, ncha husukumwa mbele badala ya kuburutwa, na pua hufuata kona yenyewe. NASA imelionyesha hilo kwa ndege ndogo za majaribio za PRANDTL-D.

Wapinzani wana hoja nzito: Ho 229 yenyewe bado ilifungwa vibao vya breki karibu na ncha za mabawa ili igeuke. Na kwa hesabu ya 1933 ya Ludwig Prandtl, mwanasayansi wa Ujerumani, mgawanyo huu wa nguvu ya kuinua hupunguza ukinzani utokanao na nguvu ya kuinua kwa asilimia 11, lakini bawa lazima lirefuke kwa asilimia 22. Kwa ndege ya abiria, urefu huo ni shida kila inapoegeshwa uwanjani.