Randa Yenye Kutu na Ngazi Isiyopandika

Kuna ngazi moja ya mbao ambayo nimeitazama pichani mara nyingi mno. Ina urefu wa karibu mita 11, inaning'inia hewani bila kugusa sakafu, na miti yake miwili ya ubavuni inapinda huku na huku kama kijia cha ng'ombe. Chini ina upana wa sentimita 58 hivi, lakini inazidi kubanana kadiri inavyopanda, hata kileleni haizidi sentimita 3 au 4. Ukisimama chini yake jicho hudanganyika, ukadhani inapotelea mbali sana juu. Aliyeitengeneza ni msanii Mmarekani Martin Puryear, mwaka 1996, akaiita Ngazi ya Booker T. Washington, kwa jina la mwalimu Mmarekani Mweusi aliyezaliwa utumwani.

Zamani niliipenda kwa ajabu yake tu. Siku hizi naipenda kwa sababu nyingine: ile mipindo si ya kubuni. Miti ya ubavuni ilitoka katika mti mmoja uliopasuliwa, na mpindo wake ni mpindo ambao mti wenyewe uliota nao. Msanii aliufuata. Puryear aliwahi kufundisha Sierra Leone miaka ya 1960, na huko alijifunza kwa mafundi seremala waliofanya kazi zao kwa vyombo vya mkono. Ninaamini mafunzo yale yanaonekana katika ngazi ile.

Mimi sikuweza kuyaona mpaka nilipofufua randa.

Ilikuwa randa ya chuma, imeganda kwa kutu, kishikio chake kimepasuka. Niliifungua kipande kwa kipande. Skrubu mbili zilikataa, nikazitia mafuta mepesi, nikaziacha zilale hivyo usiku kucha, asubuhi zikaachia. Kutu niliitoa kwa siki. Hapa subira inahitajika, ila isipite kiasi: siki inalainisha kutu, lakini ukisahau chuma ndani yake siku kadhaa itaanza kula chuma chenyewe. Kila baada ya saa chache nilikitoa nikakisugua kwa brashi. Mwisho nikakiosha kwa maji yenye magadi ili kuua ile asidi, nikakikausha papo hapo, nikakipaka mafuta. Ukichelewa kukausha, kutu mpya inarudi ukiwa bado unatazama.

Makali ndiyo yalinifundisha zaidi. Patasi yangu ya kwanza niliiharibu kwa mashine ya kunolea: niliikandamiza kwenye jiwe linalozunguka kwa kasi, ncha ikageuka buluu. Rangi ile maana yake chuma kimefika joto la nyuzi za Selsiasi 300 hivi, na ugumu wake umepungua. Ikawa ukiinoa asubuhi, adhuhuri imekuwa butu. Iliniuma, kwa sababu kile chuma kilikuwa kimetunza ugumu wake miaka mingi kabla hakijafika mkononi mwangu. Tangu hapo nanoa kwa mkono, kwa kinoo na maji. Na ninanoa pande zote mbili. Wengi hunoa upande wa mteremko tu na kuusahau mgongo, yaani ule upande bapa, ilhali makali ni pale nyuso mbili zinapokutana. Mgongo ukiwa na vishimo vya kutu, makali nayo yatakuwa na mapengo hata ukinoa mteremko mwaka mzima. Mgongo wa kisu cha randa yangu niliusawazisha kwa siku mbili. Mteremko ulichukua nusu saa.

Kisha nikaijaribu randa kwenye ubao. Maranda yakatoka membamba, yanapitisha mwanga, na ubao ukabaki unang'aa bila kuguswa na msasa. Nikageuza ubao nikapiga randa kutoka upande wa pili: ikakwama, ikang'oa vipande, ikaacha kovu. Ubao ni ule ule, randa ni ile ile, ila safari hii nilikuwa nakwenda kinyume cha nyuzi za mbao. Mashine yenye nguvu ingepita tu na nisingejua kitu. Mkono unajua mara moja. Ndipo nikairudia picha ya ngazi, nikaona kwa mara ya kwanza mwendo wa nyuzi ndani ya ile mipindo.

Sisemi kwamba sanaa ya mbao lazima iutii mti. Wendell Castle, Mmarekani mwingine, alichukua njia iliyo kinyume kabisa: alibandika mbao kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, akapata bonge kubwa, kisha akalichonga kwa msumeno wa mnyororo hadi likawa kiti au meza yenye umbo la jino, la wingu, la mnyama asiye na jina. Uzeeni alitumia hata roboti ya kuchongea. Kazi zake zinanifurahisha sana. Ila zinanifurahisha kama nifurahiavyo udongo uliofinyangwa vizuri; umbo lingeweza kuwa lolote. Ngazi ya Puryear isingeweza kuwa nyingine, kwa kuwa mti ulikuwa ule. Kwa hiyo moyo wangu uko kwake.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi vyombo vya zamani vinavyokwanguliwa mpaka ving'ae kama sahani, vikapakwa vanishi na kutundikwa ukutani. Kishikio cha randa yangu kina kibonde pale kidole gumba kinapokaa. Sikukichimba mimi. Nilibandika ule ufa kwa gundi, nikapaka mafuta ya kitani, kibonde nikakiacha, na sasa gumba langu linalala humo humo. (Matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kapuni. Yanapokauka hutoa joto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje.)

Wiki iliyopita nilipasua gogo lililopinda, mbichi, kwa kabari na nyundo, bila msumeno. Lilipasuka likifuata mpindo wake tangu mwanzo hadi mwisho, nikabaki na vipande viwili vinavyofanana kama viganja vya mtu mmoja. Nimevipaka nta kwenye ncha ili visikauke haraka vikapasuka. Bado sijajua vinataka kuwa nini. Randa iko tayari, nimeinoa jana.