Wapangaji Hewa wa Mama Yangu

Mama yangu ni mjane anayeishi peke yake, lakini kwa mujibu wa barua zinazopenyezwa mlangoni pake, nyumba hiyo ina wakurugenzi wawili wa kampuni, mkopaji mmoja sugu, dereva asiyelipa faini za maegesho, na bwana mwingine ambaye kazi yake hatujaielewa ila anapendwa mno na watoaji wa kadi za benki. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulipa kodi ya pango, kufagia ua wala kumjulia hali mwenye nyumba. Serikali zina wafanyakazi hewa. Mama yangu ana wapangaji hewa, na kwa kuwa kila ofisi niliyoipelekea malalamiko imeniomba niwe na subira, nimeona nilalamike hapa, ambapo angalau hakuna muziki wa kungojea.

Watu wasiopata kukumbwa na mkasa huu hudhani kwamba mhalifu akiitamani nyumba ya mtu atakuja usiku na nondo mkononi. Huyu wa siku hizi haji kabisa, na pengine hata mtaa wenyewe haujui. Anachokitaka ni maneno ya kujaza katika kisanduku cha fomu, kwa sababu mkopeshaji, benki na msajili wa kampuni wote hudai anwani ya mahali palipo kweli, naye hawezi kuandika ya kwake, maana huko ndiko polisi watakakoanzia. Hivyo hutafuta nyumba yenye sifa njema, iliyokaliwa na mtu yule yule kwa miongo mingi, ambayo bili zake hulipwa kabla ya siku ya mwisho, na ambayo mwenyewe ni mzee asiyechungulia mambo yake mtandaoni kila asubuhi. Mama yangu amejinyima maisha yake yote ili asidaiwe na mtu, na faida aliyoipata ni kwamba wasiolipa madeni wamemchagua yeye miongoni mwa majirani wote.

Mwenyewe hana hofu hata kidogo. Barua zote amezipanga katika kikapu, kila mhusika na fungu lake, na kwa kuwa majina yao yanamtatiza kuyatamka, amewabatiza upya: kuna Mkurugenzi Mkubwa, Mkurugenzi Mdogo, Bwana Faini, Bwana Kadi, na yule mkopaji anamwita Maskini. Kila nikimtembelea hunipa taarifa zao kabla ya zake.

"Mwanangu, Maskini ameandikiwa tena, na safari hii wametumia wino mwekundu. Nadhani mambo yake si mazuri."

Siku moja nilimkuta na pochi mkononi, akitaka kujua kama inawezekana kumlipia Maskini angalau kidogo, ili hao watu wapunguze makali. Nilimweleza kwa urefu kwamba deni humfuata aliyelikopa, halifuati paa la nyumba, na kwamba akilipa hata kiasi kidogo, mdai anaweza kuchukulia kuwa amekubali kuhusika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga pochi, kisha akaniuliza taratibu kama mimi mwenyewe ninadaiwa na nani.

Haikupita muda akaja mkusanya madeni, mtu wa mabega mapana ambaye kwa mwonekano wake aliajiriwa kwa ajili ya kutisha. Mama alimkaribisha kiti, akampa pole ya safari, akamzungusha chumba hadi chumba, akamfungulia hata kabati la shuka ili aridhike, na mwishoni akamwomba kwamba akimpata Maskini amwambie barua zake zipo salama. Yule bwana aliaga kwa heshima zote, akaandika katika karatasi yake kwamba mdaiwa hakuwepo nyumbani. Hakuandika kuwa mdaiwa haishi pale. Aliandika kuwa hakuwepo, yaani katoka kidogo, atarudi, na yeye mkusanya madeni pia atarudi.

Ndipo nikashika simu. Mashine ilinihakikishia kwa muda mrefu sana kwamba mimi ni mtu muhimu kwao, kisha ikanikabidhi kwa binti mmoja mwenye sauti ya upole kupita kiasi.

"Je, ninazungumza na mwenye akaunti?"

"Hapana, dada. Mwenye akaunti ni tapeli."

"Samahani, kaka. Taarifa za mteja ni siri, siwezi kuzijadili na mtu mwingine bila ridhaa yake."

"Lakini mteja huyo haishi hapo mnapomwandikia."

"Kama mteja amehama, anatakiwa atupigie yeye mwenyewe abadilishe anwani."

"Hajahama, kwa sababu hakuwahi kuhamia."

"Basi kama hajahama, kaka, bado yupo."

Mimi ni mtu ninayeheshimu sheria za kulinda taarifa binafsi, na nisingependa mtu yeyote apige simu mahali akasomewa madeni yangu. Hata hivyo nimetafakari sana na sijaona mantiki ya mfumo ambao mtu pekee anayelindwa ndani yake ni mwizi. Jina la mtaa wa mama, namba ya nyumba na mlango wake vimeshatapakaa katika mafaili ya kila mkopeshaji, na hakuna aliyeomba ridhaa yake. Maskini, ambaye hata sura hatuijui, ana siri zinazotunzwa na idara nzima.

Nikaambiwa kwamba angalau mama mwenyewe anaweza kusema anaishi pale na kuniruhusu niongee kwa niaba yake. Nikampa simu. Jambo la kwanza aliloulizwa ni tarehe yake ya kuzaliwa. Sasa ieleweke kwamba kwa miaka mingi nimemhubiria mama asimpe mtu yeyote taarifa zake kwa simu, hata akijitambulisha kuwa ni benki, hata akiwa na sauti ya malaika, na mahubiri hayo yamemwingia sawasawa. "Binti yangu," alisema, "hayo mambo mwanangu amenikataza," akaikata simu iliyotugharimu asubuhi nzima kuipata, akanigeukia kwa fahari ya mwanafunzi aliyefaulu mtihani. Sikuwa na la kumkosoa, kwa sababu alikuwa amefaulu.

Ofisi nyingine ilikubali malalamiko ya maandishi, kwa sharti kwamba mama athibitishe makazi yake kwa kuambatanisha barua rasmi za karibuni kutoka taasisi mbili tofauti. Hapo ndipo nilipoanza kucheka peke yangu. Mtu asiye na deni, asiyeomba mkopo na asiyegombana na mamlaka yoyote haandikiwi barua. Bili zake chache zinakuja kwa barua pepe, tena kwenye simu yangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayemlipia kwa njia hiyo. Maskini, kwa upande wake, ana nyaraka za kutosha kuthibitisha makazi ya ukoo mzima: mkopeshaji, wakili, kampuni ya simu, na hata benki iliyompongeza kwa kufungua akaunti. Tulipokimwaga kikapu mezani ilidhihirika kwamba, kwa vigezo vya ofisi hiyo, mtu pekee asiye na ushahidi wa kuishi katika nyumba ya mama yangu ni mama yangu.

Kisha zikaanza kufika bidhaa. Vifurushi hivi vina aina mbili, na ni vizuri kuzitofautisha, kwa maana moja ni upuuzi na nyingine ni hatari. Aina ya upuuzi ni ile ambayo muuzaji wa mtandaoni hutuma kitu cha bei poa kwa mtu asiyekiagiza, ili aonekane amefanya mauzo, kisha ajiandikie sifa kwa jina la mpokeaji. Mwaka 2020 watu wengi nchini Marekani walipokea pakiti za mbegu wasizoziomba, na wizara ya kilimo ya huko ikasema inaelekea ni mchezo huo huo, huku ikiwasihi wasizipande. Aina ya hatari ni pale simu ya thamani inapoletwa kwa jina la Bwana Kadi, imenunuliwa kwa mkopo, na baada ya muda mfupi anatokea kijana nadhifu akieleza kwamba mzigo uliletwa hapo kimakosa na yeye ametumwa kuuchukua. Kijana huyo hajakosea nyumba. Mama ndiye bohari yao, na wanamtegemea awepo nyumbani mchana, awe mstaarabu, na asipende kumsumbua kijana wa watu.

Nilimwagiza asimkabidhi yeyote chochote, bali kila mzigo urudishwe kwa mtumaji kupitia njia ile ile ulikojia. Alitii kwa namna yake. Kijana alipokuja, alimwambia kwamba mzigo upo, lakini kwanza aketi amweleze ni lini hasa wenzake watakuja kuchukua barua zao, maana kikapu kimejaa. Kijana alikumbuka ghafla kwamba gari lake halikufungwa.

Kuhusu wale wakurugenzi wawili, nilidhamiria kuelewa inawezekanaje mtu kuianzisha kampuni katika sebule ya mama wa mwenzake. Jibu ni kwamba katika nchi nyingi msajili kwa muda mrefu amekuwa mtu wa kupokea fomu, si wa kuziuliza maswali. Mwaka 2013 mfanyabiashara mmoja wa Uingereza alisajili kampuni kwa kumwandika Vince Cable, aliyekuwa waziri wa biashara, kuwa ndiye mkurugenzi, kisha akamwarifu waziri mwenyewe ili kumwonyesha jinsi mlango ulivyo wazi. Mwaka 2018 serikali ya huko ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza imefanikiwa kumtia mtu hatiani kwa taarifa za uongo katika usajili wa aina hiyo, na mtu aliyepatikana alikuwa ni mfanyabiashara huyo huyo aliyemwarifu waziri. Katika jiji la Cardiff, mkazi mmoja aligundua kwamba kampuni zipatazo 11,000, za China, zilikuwa zimesajiliwa kwa masuala ya kodi katika anwani ya nyumba yake. Tangu Machi 2024 sheria mpya imempa msajili wa Uingereza mamlaka ya kuhoji na kukataa taarifa zenye mashaka, jambo ambalo mimi nilidhani ndiyo kazi ya msajili tangu siku aliyopewa muhuri. Nilipomsimulia mama habari za Cardiff alisikitika sana, kisha akasema kwamba kumbe sisi wetu ni wachache.

Ndugu na marafiki nao wametoa ushauri wa kila aina. Mmoja amesema tubadilishe kitasa. Mwingine amependekeza mama ahame, pendekezo ambalo lingewaachia matapeli nyumba kisheria na kivitendo. Hawa siwajibu.

Tunachofanya sasa ni kazi ya ukarani. Barua isiyo ya mama haifunguliwi, kwa kuwa katika nchi nyingi kufungua barua ya mtu mwingine ni kosa, na mama hataki kuwa mtu wa kwanza kukamatwa katika sakata hili, ingawa mfano wa Uingereza unaonyesha kwamba inawezekana. Tunaandika juu ya bahasha kwamba mtu huyu haishi hapa na hajawahi kuishi hapa, tunaipiga picha, tunaweka tarehe katika daftari, tunairudisha kwa mtumaji. Kisa kimeripotiwa polisi, na namba ya jalada inanakiliwa katika kila malalamiko, kwani nimegundua kwamba ofisi isiyojali machozi ya mwanadamu huwa na heshima kubwa kwa namba. Nimeomba pia taarifa ya mikopo ya mama, na kwa bahati jina lake ni safi: wameazima nyumba tu, yeye mwenyewe hawajamgusa.

Kazi hii imeanza kuzaa matunda. Yule mkopeshaji wa wino mwekundu amenyamaza, mkusanya madeni hajarudi, na juzi ofisi ya usajili ilinijulisha kwa njia ya simu kwamba ombi la kuiondoa kampuni ya Mkurugenzi Mkubwa katika anwani ya mama limepokelewa na linaelekea kukubaliwa. Nilimshukuru yule afisa kwa dhati, nikamwuliza kama kuna hatua yoyote iliyosalia.

"Moja tu," alisema. "Sheria inatutaka tumpe mkurugenzi mwenyewe nafasi ya kupinga. Tumeshamwandikia."

"Mmemwandikia wapi?"

"Katika anwani yake iliyosajiliwa."

Barua imefika jana. Mama ameiweka katika fungu la Mkurugenzi Mkubwa, juu kabisa, akaniambia nisiiguse wala nisiirudishe, kwa sababu hii ni ya muhimu na mwenyewe anaweza kuja kuiulizia.