Msumbiji mmeisahau?
Kuna mwandishi anasema eti viongozi wa dini wabaki na maombi, kwa kuwa waasi husikia lugha ya bunduki tu. Ameisahau Msumbiji! Chama tawala Frelimo na waasi wa Renamo walipigana miaka 16, na waliowakalisha meza moja ni Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira na jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio kule Roma, vikao zaidi ya miaka miwili mpaka saini ya amani ya Oktoba 4, 1992. Halafu mwaka 1995 makanisa yakaanza: lete bunduki, ondoka na jembe, baiskeli au cherehani (Isaya mtupu huyo, panga kufuliwa kuwa majembe). Nyingine zilikatwakatwa zikaundwa viti. Mliowacheka maaskofu Wakatoliki wa Kongo (CENCO) na wachungaji wa Kiprotestanti wa huko (ECC) walipokwenda Goma, mashariki mwa Kongo, Februari 2025 kuongea na waasi wa M23, ninyi mlikuwa na njia gani?