Trekta halikunipiga teke

Jamani, ile video mliyotumiwa haina mwanzo. Rafiki yangu kaikata, kaanzia pale anapocheka, halafu kaandika eti nimepigwa teke na trekta. Uongo. Nilikaa mwenyewe.

Wenye Massey Ferguson 135, lile zee lililoanza kuuzwa miaka ya 1960, mnajua: oili ya gia, difu na haidroliki ni hiyo hiyo moja, yote imo tumboni. Sili (pete ya mpira inayozuia oili isitoke) ya shafti ya PTO, ile ya kule nyuma inayozungusha mashine zinazofungwa kwenye trekta, ikianza kuvuja, huifungui kabla hujamwaga oili. Nikamwaga. Yote, kwenye beseni la kuogea, bila tone kuanguka chini, na nikajisifu kwa sauti. (Sauti imo kwenye video. Zimeni spika.)

Boliti za kifuniko zikatoka. Shafti ikagoma. Nikaigonga kwa nyundo ya mbao, nikaibembeleza, nikaitukana. Rafiki akasema, "Sogeza beseni kwanza, kaka." Nikamwambia ufundi aniachie mimi.

Basi nikayashika yale meno sita ya shafti kwa mikono miwili, mguu mmoja kwenye tairi, nikavuta. Wapi! Nikafumba macho, nikavuta tena. Huko ndani kikasema tko.

Hapa twendeni polepole. Shafti inakuja, ndefu, imelowa, inateleza kama kambare. Nami nakwenda nayo, kinyumenyume. Naiona mbingu. Naliwaza beseni. Nakumbuka liko wapi. Makalio yanatangulia kufika, oili inaruka pande zote, inasimama hewani kidogo, inanitazama, kisha inanirudia usoni. Na shafti nimeikumbatia kifuani, maana heri niumie mimi kuliko ile beringi. Nikataka kuinuka. Nimekwama! Nimeenea mle kana kwamba nilipimiwa. Nikamnyoshea mkono rafiki yangu anivute, akasema subiri, picha inatetemeka.

Mengine yalikwenda haraka: sili mpya, upande wa springi ukielekea ndani kwenye oili, tepu juu ya meno ya shafti yasiuchane mdomo wa sili, boliti, oili mpya, kwisha. PTO inazunguka na nyuma pakavu kabisa, ila hilo hakuna aliyelirekodi.

Asubuhi hii nimeona tone jingine, safari hii chini ya injini. Beseni nimeshalificha.